Kibanda cha Getini

Niliondoka Mazimbu kwa sababu ya neno moja nililoliandika mwenyewe, mimi niliyemaliza kidato cha nne.

Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya Dumila. Lilikuwa la serikali, sasa limeuzwa. Kabla ya kuuzwa, kila mkazi alitakiwa ajaze fomu aeleze anakaa wapi. Baba hajui kusoma, nikamjazia. Akasema, "Andika kibanda." Nikaandika. Juzi ikaja habari: nyumba zinabaki na watu wake, vibanda vinavunjwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi, mwanangu Rehema anavuta ziwa langu, Uluguru inabaki nyuma na ukungu wake, mimi napanga matusi. Dumila nikashuka kwa wauza vitunguu, nikapata lifti ya trekta.

Saa sita, getini. Kwa ambao hamjafika: ni nyumba mbili za mawe zinazotazamana, kila moja upande wake wa njia iendayo kwenye jumba la mzungu wa zamani. Alizijenga kama za kwao Uingereza, hadi meko ya kuotea moto na dohani za kutolea moshi, kwenye joto lile! Mama yangu, Mluguru, alining'iniza humo mbegu za mahindi zipate moshi zisibunguliwe. Nilizaliwa katika ya kushoto. Ya kulia, isiyokuwa na mtu, nilikuta kifusi.

Karani wa mwenye shamba mpya, aliyesimamia uvunjaji, alikuwa mtu mzima, nikamwamkia kwa shida, kisha nikamwambia hata kipofu akipapasa atajua hii ni nyumba. Hakubishana. Alifungua faili.

"Mwandiko wa nani huu?"

Wangu. Akasema ya kushoto ni kesho.

Baba alikuwa anafunga godoro. Nikamuuliza kwa nini alisema kibanda.

"Ningejisifu nina nyumba? Mgeni akija si unamwambia karibu kibandani?"

"Hiyo ni adabu ya kumkaribishia mgeni, baba. Si ya fomu."

"Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniumiza.

Saa kumi na mbili jioni tulifika Mazimbu, kwenye chumba changu cha kupanga, bati linavuja. Mtu aliyewafungulia wengine geti maisha yake yote akasimama nje na godoro kichwani, akapiga hodi.

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza lile neno. Nikalimeza.

"Karibu nyumbani, baba."

Nimejifunza, lakini nimechelewa: ningejua hata siku moja baada ya kujaza fomu, ningeirekebisha. Ile nyumba haipo.