Chanzo cha Kosa

Ofisa anayewaandikia mahakimu ripoti za washtakiwa hufuta kwanza miwani kwa ncha ya tai, kisha huuliza maswali kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa. Penye "Chanzo cha kosa" huikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini inabaki na alama. Jana alikuja mama wa mshtakiwa aliyemuua mlinzi kwa nondo. Alijibu kila swali, halafu akauliza, "Hapo umeandika nini, mwanangu? Mimi kusoma sijui."

Alikuwa ameandika: malezi mabovu. Akayafunika maneno kwa kiganja.

"Umaskini, mama."

Mama akashusha pumzi. "Ahsante. Nilidhani utasema ni mimi."

Alipotoka, ofisa aliinua kiganja, akayasoma tena, akapiga muhuri.