Muuza Dawa Asiyeuliza

Muuza dawa wa pale kona alisifika kwa kutouliza. Mwanamume akiingia, akikohoa na kutazama dari, alikuta vidonge vya nguvu za kiume vimeshafungwa gazetini. Ndivyo alivyomsitiri jirani yake seremala mwaka mzima, mpaka moyo ukasimama ghafla, randa ikiwa mkononi. Baada ya mazishi, mjane alikuja kununua dawa ya kichwa.

"Shemeji, daktari kasema yale yaliyomshinda chumbani yalikuwa dalili ya mishipa kuziba. Mimi niliona aibu kumsemea. Laiti angejua mtu mwingine!"

Muuza dawa akatazama dari.

Siku hizi mteja akikohoa, mkono wa muuza dawa hukimbilia gazeti, kisha husita. "Kaka, presha ulipima lini?" Wengi hutoka wamenuna. Naye huwafuata mpaka barabarani, akiuliza tena.