Dakika Nne za Mama Dieudonnée

Mimi Zuberi nimetengeneza ordinatere, yaani kompyuta, hapa Kasongo miaka tisa, na mutu akiniuliza kazi gani inanitia haya, namwambia ni ile ambayo sikuifanya.

Mama Dieudonnée alikuwa mpiga chapa katika biro yetu, inayoandikisha wanafunzi wa mtihani wa mwisho, wa Kasongo na wa Kabambare. Alijifunza kwa masista, kwa herufi za Kifaransa, kitambaa juu ya mikono, na tangu hapo hakuitazama tena klaviye, ule ubao wa herufi. Basi wakatuletea mashini mpya zenye klaviye ya Kiingereza. Pale Wafaransa walipoweka Z, Waingereza wameweka W.

Utasema, si herufi tu? Sikiliza. Mama akikosea jina, kidole kilikwenda chenyewe kwa kontroli na Z ili kufuta kosa. Kumbe alikuwa amegusa kontroli na W, na katika lile dirisha jeusi tulilojazia majina, hiyo ni amri ya kufunga. Dirisha halikuuliza kitu, lilifunga tu. Na programu ilitunza majina pale tu shule nzima ilipokwisha, kwa hiyo alianza upya tangu jina la kwanza. Mazoea yana taabu.

Akaniomba niizime ile amri. Ni kazi rahisi: unaingia katika mipangilio ya dirisha, unaitafuta, unaiondoa. Lakini shefu wetu, Bwana Gédéon, alikataa. Mashini za serikali haziguswi bila barua ya wakubwa wa jimbo kule Kindu yenye muhuri, alisema. Tukaandika kuiomba. Miezi mitatu Mama aliniuliza kila Jumatatu, na kila Jumatatu nilimjibu bado.

Siku ya mwisho, karatasi za shule ya Wamaza zilifika kwa pikipiki saa nne, zimejaa matope. Watoto arobaini na mmoja, na orodha inafungwa saa sita. Mama akakaa, akaandika. Jina la thelathini na nane akakosea, na kidole kikaenda kilikozoea. Nilimwona ameinua mikono juu ya klaviye, hataki kuiteremsha. Akaanza upya, na saa sita ikamkuta katikati.

Watoto wa Wamaza hawakufanya mtihani mwaka ule. Shefu akaandika ripoti kwamba mpiga chapa amezeeka, hawezi mashini za kisasa, na Mama akafukuzwa baada ya miaka ishirini na miwili. Ripoti hiyo haikungoja muhuri wa Kindu. Nami nilikuwa pale, najua kila kitu, nikanyamaza kwa kuogopea mkate wangu. Mnyonge hana haki, wanasema, lakini siku ile mnyonge mwenzake ndiye aliyefunga mdomo.

Mahali pake akaja Nadine, mtoto wa dada ya shefu. Naye alijifunzia klaviye ya Kifaransa. Siku ya pili dirisha likamfungia, akalia. Shefu akaniita. "Zuberi, zima hiyo kitu. Mutoto iko anateseka."

Sikuuliza barua. Nilizima.

Juzi nilimkuta Mama sokoni anauza sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza yote, labda nikitaka anisamehe.

"Ilikuchukua muda gani?" akauliza.

"Dakika nne, Mama."

Akafunga fungu la sombe bila kulitazama, akanipa, akakataa pesa yangu.

"Enda ukale, mwanangu," akasema. "Wewe ungali na kazi."