Verily na Chapati za Mchungaji

Harufu ya chapati ikinifikia, hadi leo ulimi wangu huanza kujipanga wenyewe: ve-ri-ly. Msinicheke. Nyumbani kwetu, karibu na Kerugoya, neno hilo kuukuu la Kiingereza ndilo lililokuwa mahakama. Baba, karani wa kituo cha kununulia majani chai, alilitoa katika Biblia yake ya Kiingereza iliyochakaa, pale ambapo ile ya Kiswahili husema “Amin, amin, nawaambia.” Alitufafanulia hivi: “Maana yake ni kweli, lakini kweli yenye meno.” Kisha akaongeza sheria yake mwenyewe. Kwa kuwa neno lina r na l, na sisi watu wa mlimani herufi hizo hutupiga chenga tangu utotoni, mwongo hawezi kulitamka bila kujikwaa.

Likizo moja ya Agosti, Mama alipika chapati za mchungaji wa kanisa aliyekuwa aje kututembelea, akazifunika kwa sinia. Mbili zikatoweka. Nilizila mimi, binti yake, nyuma ya zizi, na mafuta yaliyobaki vidoleni nikajipaka miguuni. Baba akatangaza kwamba mwizi hataenda Nyeri kuona maonyesho ya kilimo, safari ambayo mimi na kaka yangu Muriuki tulikuwa tukiiota kila siku. Kabla hajatuita, nilikwisha kulifanyia neno hilo mazoezi mbele ya ng’ombe hadi akanigeuzia mgongo. “Verily, verily, sikula,” nikasema, laini kama mtangazaji wa redio. Muriuki, maskini, asiye na kosa lolote, akatetemeka: “Ve... velirry, Baba, sikura!” Baba akapiga meza. “Ati sikura! Umejisikia mwenyewe?” Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika Nyeri na kurudi. Nilimwona fahali mkubwa kuliko choo chetu, na wallahi sikufurahi hata kidogo. Nilimkumbuka Muriuki aliyebaki akikata nyasi.

Siku hizi watoto wangu huapa “haki ya Mungu” kwa sababu ya chaja tu, na hakuna anayewasikiliza. Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani, chapati zikiwa mezani, Muriuki sasa ana mvi, nami nikashindwa kuvumilia. “Baba, zile chapati nilikula mimi.”

Baba akaweka kikombe chini. “Sema verily.”

Mimi, mwalimu wa Kiingereza miaka yote hii, nikafungua kinywa, ulimi ukajikwaa. “Velirry.”

Baba akatikisa kichwa, akamgeukia kaka yangu. “Muriuki, umemhonga dada yako nini?”