Sanduku Nililolikataa Anderlecht

Mashine yangu ya kukereza chuma ilinigharimu euro elfu moja mia mbili na hamsini: mia tisa za mashine yenyewe, mia moja themanini za kuisafirisha, mia moja ishirini za fundi umeme, na hamsini za sanduku nililolikataa kwa mdomo wangu. Nimehesabu mara mbili. Mia sita kati ya hizo zilikuwa akiba ya mke wangu, Maman Nestor, na zile hamsini za mwisho ndizo zilizonikalisha kuandika.

Vijana wa parokia huniuliza, "Papa, tununue mashine gani?" Wanadhani aliyekereza miaka arobaini na moja anajua kununua. Sikuwa nimenunua hata moja.

Siku yangu ya kwanza kazini, Lubumbashi, chef d'atelier, yaani mkubwa wa karakana, hakunionyesha mashine. Alinipeleka kwenye dirisha lenye nondo, ambapo mtunza vifaa aliketi kama padri wa maungamo, akanipa vipande vitano vya shaba vyenye namba yangu.

"Mutoto, hii ni jeton yako. Unataka kisu ya kukatia, acha jeton. Unataka gia, acha jeton. Ukipoteza, mushahara inakatwa."

"Na nikipoteza zote tano, chef?"

"Bon, utakata chuma na meno."

Gia nazieleza, maana ndizo kesi yenyewe. Ni magurudumu ya meno yanayopangwa ubavuni mwa mashine ili kisu kitembee sawasawa na mzunguko wa chuma, na hapo ndipo hesi, ile mikunjo ya skrubu, inapochongeka. Kila hesi ina gia zake. Kwetu zilitoka dirishani asubuhi, zikarudi dirishani jioni. Miaka kumi na tisa sikuwahi kujua zinalala wapi.

Brussels nilifanya ishirini na miwili katika karakana ya kutengeneza vipuri vya lifti, nyingi za maofisi ya upande wa Schuman, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya. Jeton hazikuwepo, kulikuwa na daftari la kutia sahihi, lakini dirisha lilikuwa lilelile. Contremaître wetu, msimamizi, Mbelgiji asiyecheka, alinifundisha jambo moja lenye thamani kuliko mshahara wake.

"Mashine ya zamani usiiangalie rangi. Rangi inauzwa kwa kopo. Shika chariot."

Chariot ni kile kibebeo cha kisu kinachoteleza juu ya reli za mashine. Kazi nyingi hufanyika karibu na mandrin, kile kichwa kinachokaza chuma, kwa hiyo reli huliwa upande huo. Kaza chariot pale karibu na mandrin, halafu isogeze hadi mwisho wa mbali. Ikikwama njiani, reli zimeliwa. Ondoka, mwambie muuzaji utampigia simu.

Nilipostaafu walinipa kikapu cha jibini. Mimi jibini sili.

Mwaka huu Maman Régine, anayeuza sombe iliyosagwa, yaani kisamvu, karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, aliharibikiwa na mashine yake ya kusagia. Skrubu ndefu inayosukuma majani ilikuwa imelika hesi yote, na kipuri hakiuzwi tena.

"Papa Nestor, weye haukuwa tourneur, mukereza chuma? Nitengenezee."

"Na mashine ya nani, maman?"

"Ah bon! Miaka yote ile, hauna hata mashine moja? Wateja yangu banaanza kuzoea sombe ya congélateur, ile ya barafu. Wakizoea, miye nafunga duka."

Lile la kukosa mashine liliniuma hadi Ganshoren, ninakoishi. Nikampa ahadi: wiki mbili.

Muuzaji nilimpata Anderlecht, fundi mstaafu, Monsieur Albert. Nilikwenda na Maman Nestor, maana mwenye mia sita haachwi nyumbani. Albert alitaka elfu moja mia mbili. Nikakaza chariot, nikaisogeza: iliteleza vizuri, ikawa nzito kidogo tu shubiri ya mwisho. Moyoni nilicheka. Usoni nilisikitika kama niko kilioni.

"Reli zimechoka, monsieur."

"Na mimi pia," akasema. Akakiri kwamba wanunuzi wengine wameikimbia kwa sababu mota inataka umeme wa nyaya tatu. Gereji yangu ilikuwa ya mwokaji mikate. Nyaya tatu zipo. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Tukafika mia tisa na hamsini.

Chini ya meza kulikuwa na sanduku la mbao, zito, limejaa vumbi.

"Hilo linakwenda na mashine," alisema Albert.

"Takataka yako ibaki kwako, unipunguzie hamsini."

Maman Nestor akanivuta mkono. "Fungua kwanza, Papa Nestor."

"Acha, maman. Ni bei inaongea."

Albert aliniangalia sana. Akakubali mia tisa.

Mashine ikaja, fundi umeme akaunga nyaya, mota ikaimba. Nikafungua kifuniko cha ubavuni nipange gia za hesi ya Maman Régine. Ndani mlikuwa na gia mbili, zile za kukereza tu. Nikageuka kutafuta dirisha.

Naandika kama ilivyokuwa: niligeuka, mkono mfukoni, kutafuta jeton.

Halafu nikakumbuka sanduku. Albert alikuwa amesema mtu wa vyuma chakavu atapita Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Simu haikupokelewa. Ndani ya tramu nilihesabu vituo mara mbili, na hesabu zote mbili zilikuwa ndefu. Bila gia, pesa ya mke wangu ilikuwa imenunua kitu cha kuwekea maua.

Gereji ya Albert ilikuwa wazi na tupu. Mlango ulikuwa umezuiwa usijifunge. Ulizuiwa na sanduku.

Nililikalia.

"Mtu wa vyuma alichukua vyote," alisema Albert akitokea nyuma ya nyumba, "nikabakiza hili kwa sababu ya upepo. Ni hamsini."

"Hamsini? Si ulikuwa unalitupa!"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha bei yake."

Nililipa bila kuomba punguzo, mara ya kwanza maishani. Gia kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili palepale, nikazihesabu tena kwenye tramu kwa raha tu. Nikachonga skrubu mpya, na Alhamisi Maman Régine alisaga sombe, akanikatalia kunilipa chini ya sahani tatu.

Kwa hiyo vijana, fungueni kila sanduku. Sisi tuliofanya kazi kwenye mashine za wenyewe tulijua kila kitu isipokuwa kile tulichokuwa tunakabidhiwa dirishani. Sasa usiku nalala vizuri. Gia ziko chini ya ufunguo wangu.

Limebaki moja. Kila asubuhi Maman Nestor ananiwekea chai, kisha anaweka kiganja wazi kando ya kikombe.

"Cinquante yangu, ile hamsini ya sanduku. Nilikuambia fungua."

Nimempa ahadi ya kumkerezea mchi wa chuma. Amesema mchi anao. Nyinyi mnaomjua, nishaurini: akishuka hadi arobaini, nikubali, au nimngoje ashuke tena?