Seva za Zamu Siku ya Jumapili

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ambayo Mzee Wafula alinionyesha kosa la mpango wangu. Nilikuwa kijana, nimehitimu juzijuzi, na maringo tele. Kampuni yetu hapa Houston ilipeleka wauguzi majumbani kwa wagonjwa, nami nilipewa kazi ya kupanga seva zake, zile kompyuta zinazoendesha programu zote, kwa makundi, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Programu ya mishahara na ya zamu za wauguzi nikaziweka kundi moja, nikaandika kwamba kundi hilo lizimwe kila Jumapili mchana kwa matengenezo. Ofisi si imefungwa? Nilijiona fundi kweli.

Mzee Wafula, mkuu wangu, alisoma, akanirudishia. "Usiwashe hii bado. Jumapili tukutane kanisani, hapa jirani Missouri City."

Baada ya ibada watu, wakiwemo wauguzi wetu wengi, walimiminika nje na chai zao. (Nisikufiche, mimi nilikuwa nimefuata mandazi.) Mama Brian, muuguzi wetu, mtoto wake alikuwa na homa. Akamshika mwenzake mkono: "Please, tu-swap shift ya jioni. Kuna mama mzee huko Sugar Land anangoja insulin, na anaishi peke yake." Mwenzake akakubali. Wakampigia simu msimamizi wa zamu, naye akabadilisha majina kwenye programu palepale. Wauguzi wengine nao wakaanza kubadilishana. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi yao, maana siku nyingine hawakutani.

Mzee akaniinamia. "Sasa ungekuwa umezima hiyo kitu saa hii, huyo mama mzee angeendewa na nani?"

Niliona aibu, na hofu ikanishika hasa. Jumatatu nikaipa programu ya zamu kundi lake, lenye seva ya akiba, nikapanga seva zitengenezwe kwa kupokezana ili kazi isisimame.

Leo nawe umepewa seva za watu huko Dallas. Kabla hujachora makundi, kaa na wanaozitumia. Uliza wanazihitaji lini, na nani ataumia zikizimika. Kazi inayoweza kungoja usiifunge pamoja na isiyoweza. Na usione haya kuuliza hata ukiwa msomi.

Tangu nipasuliwe mguu, mwanangu, ni mimi ninayengoja muuguzi kila jioni, na hadi leo hajakosa kufika. Mungu akubariki, akupe subira ya kuuliza, na yeyote anayetegemea kazi ya mikono yako asikie mlango wake ukigongwa.