Nilimsingizia shangazi jicho, kumbe ndama alikosa selenium

Wakuu, sasa. Hii kitu nimeficha miaka mingi na leo naitoa vile ilivyokuwa. Mkinitukana sitajibu, nimestahili.

Ni miaka ile ya simu za kuflash, unapiga unakata. Mimi ni mkulima hapa Kitale, wazazi walihamia kutoka Central. Bibi niliyemuoa ni Mbukusu, alilelewa na shangazi yake huko Chwele.

Huyo shangazi anapenda ng'ombe bana! Akikutembelea, chai ni baadaye, kwanza aone boma.

Nilikuwa na ng'ombe wawili wa grade, wale wa maziwa mengi, wote wana mimba. Na vile najifanyanga mjuaji, niliacha kuwapa chumvi ya madini. Nilisema ati huo ni ujanja wa watu wa duka la agrovet, chumvi ya jikoni inatosha.

Wakazaa wiki moja. Shangazi akaja kuona, akamshika ndama mmoja shingo, akacheka: "Mkwe wangu, huyu ni mrembo kushinda bibi harusi!"

Siku mbili baadaye huyo ndama akakakamaa miguu. Hasimami, anahema tu.

Jirani akauliza, nani alimsifu? Huku wanaamini mtu mwenye jicho akisifu kitu, kinaharibika. Ikanitosha. Hata vet, daktari wa mifugo, sikuita.

Nikamwita shangazi. Alikuja mbio akidhani bibi yangu ni mgonjwa. Nikamwambia mbele ya majirani amtemee ndama mate, maana huku wanasema mwenye jicho akitema mate, alichoangalia kinapona.



Akapiga magoti kwa mavi ya ng'ombe na leso yake ya kanisani, akatema. Kisha akarudi Chwele bila hata kunywa maji.

Kesho yake ndama akafa. Na mimi, aibu sina, nikatangaza ati hakutema kwa roho safi.

Kabla hatujamzika, wa pili naye akaanza kuyumba. Sasa bibi yangu ndiye aliita vet, hakuniuliza.

Vet akapasua paja la yule aliyekufa. Nyama ilikuwa nyeupe, kama ya kuku iliyochemshwa. Akaniuliza kama mama yake alikuwa analamba madini. Nikamwambia nilimpa chumvi ya jikoni tu.

Akanieleza polepole. Ati kila seli ya mwili inachoma chakula ipate nguvu, na kama jiko lolote, inatoa moshi wenye sumu. Kuna protini za kuua hiyo sumu kabla haijaharibu seli, na mwili hauwezi kuziunda bila selenium. Ni madini kidogo sana, lakini udongo ukikosa, nyasi inakosa, ng'ombe anakosa, na ndama anazaliwa bila walinzi. Misuli inaharibika, hata moyo.

Wa pili alidungwa selenium na vitamini E. Siku chache, akasimama.

Mimi ndiye sikuweza kusimama, wakuu.

Nikampakia huyo ndama kwa pickup, nikampeleka Chwele awe wa shangazi, niombe msamaha. Kumbe maneno yangu yalifika sokoni kabla yangu. Alikuwa anauza vifaranga, na sasa wateja walikuwa wanampita, wengine wanafunika watoto uso.

Nilipiga magoti pale pale sokoni, nikasema kwa sauti kwamba kosa ni langu, ni chumvi. Akaniinua. Akasema amenisamehe.

Lakini nilipomwonyesha ndama, alijifunika macho na leso.

"Mrudishe, mkwe wangu. Nisimwangalie, asije akapata kitu."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimemfanya ajiogope mwenyewe.

Ndama huyo amekuwa ng'ombe, amezaa mara nyingi. Shangazi bado anatutembelea. Chai anakunywa, lakini kwa boma haingii.

Kwa hivyo wapeni ng'ombe madini wakiwa na mimba, na mnyama akigonjeka iteni vet kabla hamjaita jina la mtu. Na kama kuna mtu hapa amewahi kuharibia mwingine jina akafaulu kulirudisha lote, si aniambie alifanyaje. Mimi bado natafuta.